Bwana Shamba, Kabla ya Dawa Njoo Kwanza Tugeuze Jani

Bwana shamba, shikamoo. Nimeona nikuandikie hapa hadharani maana meseji zangu naona zinakupita tu, na hili jambo si langu peke yangu.

Kila joto likianza unatutumia ile ratiba yako, pigeni dawa kila baada ya siku 7, basi, hakuna anayeuliza shambani kuna nini. Msimu uliopita niliifuata kama ilivyo. Nyanya zilianza na vidoa vidogo vya njano, kama jani limechomwachomwa na sindano, nikapiga dawa ya wadudu, wiki ikaisha nikarudia, na kadri nilivyopiga ndivyo majani yalivyozidi kuwa rangi ya shaba mpaka nikaona utando kwenye vikonyo. Kumbe utitiri! Yule ana miguu minane, ukoo wake ni buibui na kupe, dawa nyingi za wadudu hazimgusi ila zinawamaliza wanaomla. Yaani nilikuwa namlinda kwa hela yangu mwenyewe.

Na kwenye nyuzi joto 30 hivi utitiri anatoka yai mpaka utu uzima kwa kama wiki moja, sasa mtu ukichelewa kuangalia siku kumi umekuta ukoo mzima. Wakati kumkagua ni kazi ndogo sana: karatasi nyeupe chini ya jani, gonga jani, subiri kidogo, vumbi likianza kutembea ujue ndio yeye. Anzia pembeni mwa shamba kwenye vumbi na ukame, geuza majani ya chini. Hili nimejifunza kwa mkulima mwenzangu, si kwako, samahani lakini ndio ukweli.

Vitaluni ndio kuna balaa zaidi. Miche inaanguka shingoni pale usawa wa udongo, watu wanasema jua kali, wanaongeza maji, kumbe ni kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina la mche, na ndicho kinachotaka maji hayo, kesho trei nzima imelala. Halafu inzi weupe, wakishaingiza virusi vya kukunja majani kwenye mche hakuna dawa ya kuutibu, unauza ugonjwa kwa mwenzio bila kujua. Karatasi za njano za kunata zikining'inizwa juu kidogo ya miche, mkahesabu kila wiki siku ileile, mtawaona wakiongezeka mapema kabla mambo hayajaharibika.

Kwa hiyo mkuu naomba hivi. Joto likikaribia tupe nusu siku tu vitaluni utufundishe kukagua na kuandika tulichoona, na miche isitoke kitaluni bila kukaguliwa. Ukisema tubadilishe dawa, tuonyeshe kwenye lebo ile namba ya kundi la sumu iliyomo, maana wengi tunabadilisha chupa na jina, ndani sumu ni ileile, wadudu wameshaizoea. Na tukumbushe siku za kusubiri baada ya kupiga dawa kabla ya kuvuna, hapo wengi tunajifanya hatujui.

Ratiba sijasema uichane, ila iwe ya kukagua kwanza, dawa ifuate pale inapohitajika.

Karatasi nyeupe nitaleta mimi. Njoo asubuhi, jua halijawa kali.