Kibonyeo kidogo sio lazima gari lipigwe rangi

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la magari yaliyobonyea. Mtu akigongwa mlango kidogo tu kwenye paking anakimbilia kwa fundi bodi, na fundi bila hata kuangalia vizuri anashika msasa, anapaka puti ya kujazia shimo, anapuliza rangi, na ile rangi ya kiwandani ndo imeenda hivyo hairudi tena. Wakati kibonyeo chenyewe rangi yake haijapasuka wala kuchubuka!

Vifaa vya kukitoa vipo. Kuna fimbo za chuma zenye ncha za kila aina, unapitisha nyuma ya bati, hata kwenye ule upenyo wa kioo cha mlango, unasukuma kidogokidogo. Pale ambapo fimbo haifiki unatumia gundi ya moto, unabandika kidude cha plastiki juu ya kibonyeo, gundi ikipoa unavuta, halafu mabaki yake unayaachisha kwa spiriti.

Sasa kinachonikera ni viseti vinavyouzwa mtandaoni, vingi vinakuja na gundi na kidude cha kuvuta bati basi, taa hakuna. Fundi wa kazi hii haangalii bati jamani, anaangalia mistari ya mwanga wa taa inavyopinda juu ya rangi, ikinyooka ndo amemaliza, bila hiyo unabahatisha tu. Tena ukivuta sana bati linapitiliza na kutokeza kipele, inabidi ukigonge taratibu kishuke kwa kijiti chenye ncha ya plastiki na nyundo ndogo, ambavyo kwenye baadhi ya seti havimo, kwahiyo unabaki na kipele kinachoonekana kuliko hata kile kibonyeo.

Na wauzaji waandike kwenye boksi, kwa maandishi makubwa, kwamba gari lililowahi kupigwa puti au kupakwa rangi upya ukilivuta kwa gundi rangi inaweza kung'oka nayo. Bodi ya aluminiamu nayo ni kiburi kuliko ya chuma, hiyo mwachie mzoefu. Yale maji ya moto ya kwenye video ni ya bampa la plastiki, mlango wa bati utaumwagia mpaka uchoke.

Kwahiyo wenye magari, fundi akisema lazima puti, mwambieni kwanza amulike taa pale palipobonyea awaonyeshe rangi imepasuka wapi.

Msomaji wenu