Mama, Mimi Nakoroga Uji, Sirushi Ndege

Kaskazini mwa California
Oktoba 2025

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi cha moshi ambacho hapa kila mtu anacho na hakuna anayekihesabu kuwa ugonjwa.

Mama, Joseph ameniambia kwamba tangu akuonyeshe ile video ya ndege ikimwaga kitu chekundu juu ya msitu unaowaka moto, usiku hulali, unasema mwanao anapanda ndege za moto. Naomba ulale. Sipandi. Kazi yangu iko chini, uwanjani, na nikiieleza kwa ufupi ni kupika uji.

Ule wekundu mliouona si maji. Ni unga unaoletwa kwenye magunia makubwa ya kubebwa na mashine, tunaukoroga na maji kwenye tangi, tunaupima uzito, kisha tunausukuma kwa mpira mnene mpaka kwenye tumbo la ndege. Baba utacheka: ni chumvi za amonia na fosfeti, ndugu kabisa wa ile mbolea ya DAP unayoweka kwenye mahindi ya shamba la tambarare. Rangi wanatia kwa namna ya kutu ya chuma, ili rubani anayefuata aone mwenzake aliishia wapi. Marubani wenyewe wanauita matope. Viatu vyangu vimekuwa vyekundu moja kwa moja, na shati nililoshonewa na Mama Neema nimelikosesha kanisa milele.

Kitu ambacho hata mimi sikukijua kabla ya kuja hapa ni kwamba uji huu hauzimi moto. Haumwagwi juu ya miali. Unapakwa mbele ya moto, kwenye majani ambayo bado hayajaungua, kama mtu anayechimba mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, kuyapeleka maji anakotaka yeye. Moto ukifika pale unapungua nguvu, na hapo ndipo watu wa chini, wenye majembe na misumeno, wanapoumaliza. Maji yakimwagwa hukauka na kazi yake inaishia hapo. Uji unabaki umeshika majani mpaka mvua iuoshe. Ubaya wake ni kwamba unaua samaki, kwa hiyo kuna kanuni ya kutoumwaga karibu na mto, takriban mita 90 kila upande.

Ndege ikitua kujazwa mara nyingi injini hazizimwi, maana kila dakika ina thamani. Unaingia na mpira wako kwa njia moja tu iliyochorwa chini, na unatokea hiyo hiyo. Hatari yangu mimi ni pangaboi la ndege, Mama, na nalikwepa kama nilivyokuwa nikimkwepa yule ng'ombe wa Babu.

Wenye kazi ya hatari ni wale ninaowajazia. Ndege tunayoijaza zaidi inaitwa S-2T. Zamani ilikuwa ya jeshi la majini la Marekani, ya kuwinda nyambizi. Sasa imebadilishwa injini na inabeba lita 4,500, kama tani tano hivi, na ndani yuko rubani mmoja tu. Anashuka mpaka mita 50 au 60 juu ya miti, kwa mwendo wa polepole, kwenye bonde lililojaa moshi, ambako hewa ya moto inapanda huku na upepo wa mlima unashuka kule. Kisha anafungua mlango na zile tani tano zinatoka kwa sekunde chache. Ndege inaruka juu kama punda aliyetuliwa mzigo. Fikirini mtu anafanya hivyo mara kumi kwa siku.

Oktoba 2014, kule kwenye hifadhi ya Yosemite, bawa la moja ya S-2T liligonga mti. Rubani alifariki. Wazee wa hapa wanapolitaja jambo hilo huwa hawamalizi sentensi.

Halafu kuna uzee wa ndege zenyewe. Kwa miaka mingi kazi hii iliachiwa ndege zilizostaafu jeshini. Juni 2002, hapa hapa California karibu na mji wa Walker, ndege ya C-130 iliyotengenezwa miaka ya 1950 ilikuwa inamwaga mzigo, mabawa yote mawili yakachomoka. Watu watatu walikufa. Mwezi mmoja baadaye, Colorado, nyingine ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia ilipoteza bawa vile vile, wakafa wawili. Chuma kilikuwa kimechoka, na nyufa ziko mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka 2004 idara ya misitu ya Marekani ikafuta mkataba wa ndege 33 kubwa kwa mkupuo mmoja. Mimi naona walichelewa, lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa umesimama chini na mpira mkononi.

Na sasa kuna hatari mpya ambayo ni ya kipumbavu. Januari mwaka huu, Los Angeles ilipoungua, mtu alirusha droni yake aone moto. Ikagonga bawa la ndege iliyokuja kusaidia kutoka Quebec, Canada, ikalitoboa. Rubani alitua salama, ila ndege ikatolewa kazini siku ambazo ilihitajika kuliko zote. Joseph, usije ukaniambia tena unataka droni.

Baba, sasa swali lako. Uliniuliza kwa nini mwaka 2020, Kilimanjaro ulipoungua kuanzia pale Whona, hazikuletwa ndege kama hizi. Nimelibeba swali hilo mpaka kwenye meza ya chai ya marubani, na jibu lilizaa ubishi wa saa nzima.

Wa kwanza akataja ndege kubwa kuliko zote zinazofanya kazi hapa, DC-10 ya abiria iliyogeuzwa, lita zaidi ya 35,000. Wenzake wakamzomea. Hiyo inataka uwanja mrefu wenye matangi ya uji kama haya yetu, na haiwezi kujipinda ndani ya korongo. Uwanja wetu wa ndege wa KIA una njia ndefu, ndiyo, lakini uji ungepikwa na nani?

Wa pili akasema Canadair, ile inayolamba maji ziwani bila kusimama, lita 6,100 kwa sekunde 12. Nikawaambia tuna bwawa la Nyumba ya Mungu. Wakafungua ramani, wakafurahia urefu wa bwawa, kisha wakaniuliza liko juu ya bahari kiasi gani, na moto ulikuwa wapi. Bwawa halifiki mita 700. Moto ulikuwa kati ya vibanda vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, mita 2,700 hadi 3,700. Yaani ndege ipande imejaa maji kilomita mbili hadi tatu kwenda juu, kila safari, na kule hewa ni nyepesi, bawa halipati cha kushika.

Helikopta na ndoo yake ya kuning'inia? Hiyo ndiyo waliyoipenda zaidi, kwa sababu inaweza kuchota hata kwenye bwawa dogo. Lakini nayo kadiri inavyopanda ndivyo inavyobeba kidogo, na upepo wa mchana wa mlima wetu mnaujua wenyewe. Hata hapa, usiku wa tarehe 7 Januari, ule wa Los Angeles, utajiri wote huu uliwekwa chini kwa sababu ya upepo. Niliutazama moto kwenye televisheni kama ninyi.

Mmoja wao, mzee aliyerusha miaka mingi, alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akaniuliza, basi nyinyi mliuzima na nini? Nikamwambia mamia ya watu walipanda kwa miguu, askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji, na baba yangu akiwa na miaka 61, na panga lake na matawi mabichi. Akaniuliza wewe, Baba, ulikaa huko siku ngapi. Nikaona aibu, maana sikuwahi kukuuliza. Niambie, nataka nimjibu.

Pesa ya mbolea nimetuma Ijumaa. Joseph aichukue mapema kabla duka halijapandisha bei, na afyeke majani makavu nyuma ya banda, yale yanayogusa ukuta.

Nitapiga Jumapili saa mbili usiku ya kwenu, hapa itakuwa saa nne asubuhi. Nikikata ghafla msiogope, ujue kengele imelia na kuna ndege inasubiri uji.

Mwanenu,
Elia