Mama, anza na beleshi

Wisconsin, Marekani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sijambo, kazi ya ng'ombe inaendelea. Tangu uliponiambia ng'ombe wetu Maua amepiga teke ndoo ya maziwa, na kwamba umeshanunua chupa ya pili ya dawa ya nzi, sijatulia. Maua si mkorofi, Mama. Anang'atwa na nzi miguuni.

Kesho asubuhi kabla ya kukamua, chuchumaa umtazame miguu ya mbele. Nzi akiwa ametua kichwa juu, na mdomo umechomoza mbele kama sindano, huyo ndiye anayemng'ata. Nzi wa kawaida wa jikoni hana sindano hiyo. Huyu hunyonya damu dakika chache tu, kisha anakwenda kupumzika ukutani. Ndiyo maana dawa unayompulizia Maua haimpati sawasawa, na ile ya miguuni umande wa majani unaiosha.

Wiki iliyopita nilifukua matandiko ya ndama mmoja hapa kazini. Juu nyasi zilikuwa kavu kabisa. Chini kidogo zimelowa mkojo, zinanuka uchachu kama machicha ya pombe, na funza weupe wanajikunjakunja humo. Nilikumbuka ile kona ya banda letu kule Urambo, kwenye kihori, majani yanapodondoka na kukanyagwa kwenye matope. Hapo ndipo wanapozaliwa. Wakati wa joto, yai huwa nzi kwa wiki tatu hivi, kwa hiyo ukiondoa uchafu huo kila wiki, hawafiki kuruka. Mwambie mdogo wangu ashike beleshi kila Jumamosi, hasa kona hiyo na chini ya kihori. Samadi aipeleke mbali na banda, aifunike kwa plastiki nyeusi na kukandamiza kingo kwa mawe. Joto linawaua humo ndani. Na mchimbe mfereji mdogo, mkojo usisimame.

Ila mbung'o ni habari nyingine, na hao ndio ninaowaogopa kwa sababu ya nagana, ugonjwa wanaowaambukiza ng'ombe. Mbung'o hazaliani kwenye samadi. Jike huzaa buu mmoja mmoja, na buu huyo hujifukia udongoni kwenye kivuli cha pori, kwa hiyo beleshi halimgusi. Kwake kuna mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi, na dawa ya kumwagia ng'ombe mgongoni. Msimpeleke Maua kuchunga karibu na msitu. Akianza kukonda huku anakula, homa inakuja na kuondoka, au tezi za begani zimevimba, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, tafadhali.

Dawa yoyote mtakayonunua, ulizeni kwanza kama inaruhusiwa kwa ng'ombe anayekamuliwa, na maziwa yaachwe siku ngapi. Wajukuu wako wanayanywa hayo.

Nitapiga simu Jumapili, kwenu itakuwa jioni. Nataka kujua umehesabu nzi wangapi kwenye mguu mmoja.

Mwanao