Shoga angu, wale watoto hawajazoea

Shoga angu,

Juzi usiku simu imelia nikajua ni grupu la wazazi wa darasa la saba, kumbe nimeingizwa kwenye grupu la harusi yako. Nimekuta wajomba zako mle, mashangazi, wale wa Chikongola wote, mweka hazina kashaanza kupanga ahadi, na mimi nimo tu kama mtu wa kuchangia, hata simu hujanipigia. Nimekaa na ile simu mkononi mpaka chaji ikaisha. Ahadi nimeshaandika, laki moja, hiyo usiwe na wasiwasi nayo. Ila kuna maneno hayaandikwi kwenye grupu la michango kwa hiyo nayaandika hapa, atakayesoma na asome.

Toka ile siku ya Oktoba 2023 ulipoleta wanafunzi wako wa shule ya kimataifa kutoka Dar, mi na wewe hatujaongea. Zile "mambo, poa, mama anaendeleaje" sio kuongea, na unajua.

Nataka nianze na asubuhi maana asubuhi ulinifurahisha. Uliponiambia unaleta wanafunzi wako Mikindani wiki nzima nilikuwa sielewi, nikadhani ni matembezi ya watoto wa matajiri, waje wapige picha bahari warudi Dar. Afu nikakuona unafundisha. Ulisimama na wale watoto 19 mbele ya mlango wa zamani ule wa kuchonga, ukaushika, ukasema mlango huu, ukawapeleka mbele kwenye nyumba zilizofuatana, milango hii, mti huu, miti hii, na yule binti mrefu mwenye miwani akarukia mwenyewe "mkono huu, mikono hii" akainua ya kwake juu. Ngeli hizo! Zile zilizotutoa jasho chuo mpaka tukawa tunaimbishana usiku bwenini. Nilisimama pembeni nikasema moyoni huyu ndo yule yule wa kitanda cha juu, hajabadilika.

Afu mkafika kwenye ile nyumba yenye kibao cha Livingstone. Ukawaambia mwaka 1866 ndo alianzia huku safari yake ya mwisho, hakurudi tena hai. Lakini hukuishia hapo, ukawauliza nani alibeba maiti yake mpaka Bagamoyo, wakakaa kimya, ukawataja Susi na Chuma, ukawaambia wale watu walitembea miezi na miezi na bado dunia nzima inasoma shajara ya mzungu, wao maneno yao tumeyapata yameshapita kwa wengine. Nakumbuka neno kwa neno maana niliguswa. Usilisahau hilo, nitalirudia.

Na njiani kwenye koasta ukanielezea mtaala wenu wa IB, ule wa kimataifa ulioanzia Uswisi mwaka 1968, kwamba mtoto anayesoma Kiswahili kama lugha ya pili anapewa picha, anaiangalia, afu anakaa na mwalimu wake peke yao dakika 12 mpaka 15 anaielezea kwa Kiswahili na kuulizwa maswali, alama ya juu kabisa ni 7 na ukijumlisha masomo yote na nyongeza zake ni 45. Mi nikawa napiga hesabu kimya kimya. Darasa langu la sita mwaka ule lilikuwa na watoto 118. Nikimpa kila mmoja dakika 15 ni saa 29 na nusu, na hapo sijala, sijasahihisha, sijafundisha mkondo mwingine. Sikukwambia nisije nikaonekana nina kijicho. Sikuwa nacho wallahi, nilikuwa natamani tu.

Suala la korosho nalo nimeshalisamehe, nalisema ili ujue nimelisamehe. Nilibangua mwenyewe uani kwa mama ako siku mbili, unajua kazi yake, ule moshi, yale mafuta ya maganda, vidole vilikuwa vyeusi wiki nzima na hiki cha shahada kilichubuka ngozi. Nikafunga vifuko 22, wanafunzi na walimu wenu watatu. Ulipovikusanya kimoja kimoja kutoka mikononi mwao ukarudisha kwenye kapu langu nilitaka ardhi ipasuke. Lakini ukanivuta pembeni, ukafungua mkoba, ukanionyesha ile sindano iliyo kama kalamu yenye kifuniko, ukasema yule kijana mdogo akila hata punje moja koo linaziba, nimchome hapa pajani papo hapo afu ndo tukimbilie hospitali, kwa hiyo shuleni kwao karanga na korosho haziingii kabisa. Nilielewa. Niliogopa mpaka nikaenda kunawa mikono mara mbili nisije nikamshika. Ila ungeniambia kabla, shoga angu. Mtu anakuja Mtwara msimu wa korosho, hasemi korosho zimekatazwa?

Haya. Tufike shuleni kwangu.

Wewe ndo uliyeniambia nisiongee Kiingereza. Ulinipigia siku tatu kabla, ukasema wanafunzi wako wapo kujifunza, kila mtu aongee nao Kiswahili cha taratibu, hata wakikwama. Nikakubali. Mimi mwalimu wa Kiingereza nikakaa siku nzima nimefunga mdomo wa Kiingereza kwa sababu yako. Mkaingia darasani. Mbele walikuwepo wale wenye madawati, wanne wanne wamebanana, nyuma wote chini kwenye sakafu, daftari kwenye goti. Yule kijana wa nywele nyekundu, mstaarabu kabisa, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwalimu, mgongo wao hauumi?" Nikamjibu taratibu kama ulivyotaka. Nikamwambia wanaumwa. Wa nyuma wanaandika kwenye magoti, ndo maana mwandiko wao umelala, ikifika saa sita wanalala ubavu, na mimi nimeandika barua ya madawati mara tatu.

Yule mwalimu mkuu msaidizi wenu ambaye hana hata neno moja la Kiswahili akakugeukia, akakuuliza nimesema nini. Ukamwambia, kwa Kiingereza, ukiwa unatabasamu, eti nimesema watoto wameshazoea.

Wameshazoea.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Nimesoma na wewe, tumefaulu wote, kwenye mazoezi ya kufundisha mimi ndo nilikuwa nakusahihishia maandalio yako ya Kiingereza. Na ukanitafsiri. Na ukanitafsiri uongo. Masaa manne tu baada ya kuwaambia watoto wa watu habari za Susi na Chuma.

Sikusema kitu. Hicho ndo sijisamehi mimi mwenyewe. Niliangalia ubao. Na mlipoondoka, vumbi la koasta halijatulia, binti mmoja wa nyuma, mkimya, baba yake mvuvi wa Msangamkuu anavuka na kivuko kila siku, akanifuata mezani. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha hilo neno, kuzoea, kwa Kiingereza chake, na mifano kumi ubaoni. Akaniuliza, "Mwalimu, yule mgeni kasema sisi tumezoea?"

Nikamwambia amesikia vibaya.

Umeona ulichonifanya? Mtoto amesikia vizuri kabisa, kapata neno, kalielewa kwa masikio yake, ndo kazi yangu hiyo, na mimi mwalimu wake nikamkatalia ili nikufiche wewe.

Usiku uliponipigia ulisema ulikuwa unanilinda. Kwamba yule afisa wa elimu alikuwa kasimama mlangoni, kwamba mwalimu wa serikali akilalamika mbele ya wageni kesho anaandikiwa barua, unamjua fulani aliyehamishwa kwa mdomo wake. Nimelifikiria hilo karibu miaka miwili. Inawezekana kweli. Yule afisa alikuwepo, na alikuwa ananitazama. Lakini Kiswahili changu alishakisikia, shoga angu! Nilikisema kwa sauti, mbele yake, kwa lugha yake. Aliyekuwa hajasikia ni yule bosi wako. Kwa hiyo ulikuwa unamlinda nani? Mi nadhani ulitaka tu safari yako ionekane nzuri, na sikulaumu, kazi ni kazi, mkataba wenu unaisha na kuhuishwa, sio kama sisi. Ila useme hivyo. Usiniambie ni mimi.

Na madawati yalikuja. Mwezi wa tatu yameshushwa na fuso, 30, mbao safi, yale ya kukaa watatu. Nasikia wale watoto waliuza keki na kuosha magari kukusanya hela, na kijana wa nywele nyekundu ndo aliongoza. Sikukupigia kushukuru. Mkuu wetu aliandika barua na muhuri, nikaona inatosha, lakini haikutosha na nakushukuru sasa hivi, hapa, asante sana. Watoto wananyooka migongo. 30 mara tatu ni 90, na yale mabovu ya zamani tukayatoa, kwa hiyo wa chini walibaki 28, tukawa tunapokezana kwa wiki. Yule binti wiki yake ya kwanza kwenye dawati aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa.

Sasa unaolewa. Mimi nimeolewa zamani, acha nikwambie kitu kimoja kama dada. Mume akisema neno usimsemee kwa ndugu zako kabla hujamuuliza alimaanisha nini. Mume wangu mwaka 2016, uliponipigia kwamba kuna nafasi ya mwalimu msaidizi shuleni kwenu, alisema "fanya unavyoona." Mi nikawaambia watu wote kanikatalia. Mpaka wewe nilikwambia hivyo. Hakunikataza. Mama yangu alikuwa kaparalaizi upande, ni kweli, nani angemgeuza kitandani, lakini pia niliogopa. Niliogopa zile kompyuta na wale wazazi na kuanza kuitwa msaidizi na miaka yangu ile. Na baadaye nikaanza kujiambia mimi ndo niliyebaki, nyie wote mmeondoka, gesi ya Msimbati imeenda Dar kwa bomba na walimu wazuri wameenda Dar kwa basi, na ile Mei 2013 mabomu ya machozi yalipokuwa yanalia mtaani mimi nilikuwa hapa nimejifungia ndani na watoto wangu na wa jirani, wewe unatazama kwenye taarifa ya habari. Ni kweli lakini nilikuwa nakuhesabia hiyo kama deni na hujawahi kunikopa. Ila kubaki sio uvivu. Hilo sitakubali mtu aniambie, hata wewe.

Mama ako naenda kila Alhamisi, sisemi ili unilipe. Miguu inamsumbua lakini anakula. Ming'oko anamaliza sahani nzima na pilipili. Bado anamsimulia kila mgeni yule mwanafunzi wako aliyempigia magoti akasema "shikamoo bibi", anasema mtoto wa Kizungu ana adabu kuliko wajukuu. Kanga uliyomletea hajaikata mpaka leo, kaiweka kwenye sanduku anasema ni ya harusi yako. Kwa hiyo alikuwa anajua utaolewa kabla yetu wote.

Unakumbuka ule mwaka tulilala njiani mimi na wewe, kile kipande cha Ndundu na Somanga kabla hakijapigwa lami, basi limezama kwenye tope mpaka mlangoni, usiku wa kwanza tukala mahindi mawili ya kuchemsha, wa pili hatukula kitu? Tulijifunika kanga moja. Ukaniambia tukifika Dar tutatafuta shule moja tufundishe wote, wewe Kiswahili mimi Kiingereza, chumba kimoja cha walimu, meza zinaangaliana. Sijui kama unakumbuka. Mi kila nikipita pale, sasa hivi ni lami, nalikumbuka.

Ndege mama kakataa, kasema hapandi kitu ambacho hawezi kushuka akitaka. Nitakuja naye kwa basi, Alhamisi ya wiki ya harusi, tunatoka huku alfajiri. Korosho nitaziacha nyumbani nisije nikamdhuru mtoto wa watu. Tukipita daraja la Mkapa nitakupigia. Uje Rangi Tatu kutupokea wewe mwenyewe, usimtume dereva.