Harambee ya kuezeka upya nyumba ya katekista, Igombe

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wanakigango, wana wa Igombe mlioko Mwanza mjini, Dar es Salaam na kwingineko, na marafiki wote mnaotutakia mema: kamati ya ujenzi inaomba mchango wenu tuezeke upya nyumba ya katekista wetu kabla ya mvua za vuli, ambazo huku kwetu kwa kawaida huanza Oktoba.

Wengi mmeuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini tusizibe tu panapovuja. Swali hilo ndilo lililokula muda mrefu zaidi kwenye vikao. Mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alisema mabati matano na kopo la lami vinatosha, fedha nyingine iende kwenye sakafu ya kanisa. Hoja yake ilikuwa na uzito. Paa ambalo mabati yake bado yanang'aa, mbao zake ni kavu na linavuja mahali pamoja tu, ni la kukarabati. Kuling'oa ni kuchezea sadaka za watu. Kwa hiyo hatukupiga kura kwanza. Tulimwomba fundi apande juu, na fundi mitumbwi wa pale mwaloni, mtu anayeijua mbao iliyokunywa maji, aingie darini.

Upande wa nyuma, chini ya mwembe, majani yamerundikana na kushika unyevu miaka yote. Zinki imekwisha, na ukilikandamiza bati kwa kidole gumba linabonyea na kumeguka. Upande wa mbele unapendeza ukiutazama kutoka barabarani, lakini misumari inachomoka kwa vidole, raba zake zimekauka, matundu yamepanuka. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, hivyo msumari uliolegea huendelea kulichimba tundu lake, na lami uliyopaka juu yake hupasuka. Kisha fundi mitumbwi akachoma bisibisi kwenye kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, juu ya chumba cha watoto. Ilizama mpaka kwenye mpini. Mzee wetu mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi, mbao hizo hazibebi hata bati jipya."

Tulifikiria pia kuezeka nusu. Mawimbi ya mabati yale ya zamani hayalingani na ya haya yanayouzwa sasa. Yakipishana yanaacha mwanya, na upepo wa ziwani unapenya hapo hapo. Mnazijua dhoruba za ziwa hili zinavyotushukia usiku na radi zake. Paa la namna hiyo linaezuliwa.

Padre hutufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayeongoza ibada, na ndiye anayewafundisha watoto wetu wa komunyo ya kwanza na kipaimara na kutuzikia wafu wetu. Posho yake mnaifahamu. Masika iliyopita familia nzima ilihamia chumba kimoja cha mbele: vitanda vimeunganishwa, turubai limefungwa juu ya chandarua, sufuria ya kukinga maji imekaa juu ya sanduku la vitabu vya mafundisho. Mama wa nyumba hakumlalamikia mtu. Akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walipokwenda kumjulia hali mtoto aliyekuwa mgonjwa ndipo walipoyaona hayo, na mimi hadi leo yananiuma.

Nyumba ina mita 9 kwa 8. Fundi amepiga hesabu ya mabati 56 ya futi 8, kofia 5 za kufunika kilele cha paa, misumari ya bati kilo 8, pamoja na mbao za paini zilizotiwa dawa kwa ajili ya kenchi na papi, yaani mbao zinazopigiliwa mabati. Kwa unene wa bati, tumechagua geji 28. Tafadhali msituone tunataka makuu: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba, na geji 32 iliyopo juu sasa tumeona ilipotufikisha. Anayetaka kuleta bati lenyewe alete la geji 28 lenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), lakini kwanza aulize kwa fundi ni la mawimbi gani, tusirudie ule mwanya. Vizuri zaidi utoe thamani ya bati moja, sisi tununue yote duka moja kwa bei ya jumla. Mweka hazina atatangaza bei ya bati kila Jumapili, kwa kuwa inapanda na kushuka. Kilo moja ya misumari nayo ni mchango mkubwa, na jumuiya ndogondogo inaweza kubeba kenchi moja kwa pamoja.

Vijana wameahidi kuezua na kukata matawi ya mwembe yanayolalia paa, WAWATA watapika. Mabati ya zamani yatakayoonekana mazima yataezekea jiko.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya ibada, uwanja wa kanisa. Mlio mbali tumeni kupitia mwenyekiti wa jumuiya yenu au mweka hazina. Kila mchango utapewa risiti, na orodha ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Fundi anaanza wiki ya kwanza ya Septemba. Mwenye ngazi ndefu atuazime, ya kanisani haifiki kwenye kofia.

Katibu, Kamati ya Ujenzi