Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Semina mbili, futari ya pamoja na ziara ya wanafunzi zilifanyika kama mnavyojua. Sitazirudia.

Niende kwenye daftari la mahitaji, yaani orodha ya yale ambayo mfumo wa kompyuta unatakiwa kuyafanya, ili kila mmoja wetu ayachukue anapojenga mfumo mwingine, maana maneno yamekuwa mengi. Kamati, kwa hoja niliyoipeleka mimi mwenyewe, ilitumia shilingi 1,400,000 kukusanya mahitaji yanayojirudia katika mifumo ya SACCOS tunayojenga na kuyaandika kwa mtindo mmoja, tukiongozwa na kiwango cha kimataifa cha uandishi wa mahitaji, ISO/IEC/IEEE 29148. Wapo waliosema nagawa bure ujuzi wa watu. Jamani, nani kati yetu hajawahi kuandika "mfumo uwe wa haraka", mteja akaikataa kazi siku ya makabidhiano? Daftari linasema: "Mfumo utaonyesha salio la mwanachama ndani ya sekunde 3 baada ya namba yake kuingizwa." Hilo linapimika. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, tuliikuta imeelezwa kwa namna nne katika kazi zetu wenyewe. Mmoja wetu aliihifadhi kama namba ya kuhesabia badala ya maandishi, tarakimu za mwisho zikageuka sifuri.

Kwenye kikao cha Julai mwanachama mmoja, akipinga kuchukua mahitaji ya kazi za zamani, alitukumbusha roketi ya Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996, sekunde 40 hivi baada ya kuruka, ikiwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Ni kweli. Lakini programu ile ilirithiwa bila kuhakikisha kwamba kasi ya roketi mpya ingeenea katika nafasi ndogo iliyotengewa namba hiyo, ya biti 16. Ndiyo maana niling'ang'ania, tukakesha, kila hitaji liandikwe na masharti yake: limetoka mfumo gani, wa wanachama wangapi, kwenye mtandao wa namna gani. Anayelichukua aanze kusoma hapo.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko 64. Siku ya kulipitisha daftari walikuja 11, na sita kati yao ni kamati. Wanaolalamika leo sikuwaona. Ada ya shilingi 50,000 wamelipa 23. Tunadai shilingi 2,050,000, zaidi ya gharama yote ya daftari.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuingia kwenye mahitaji ya mifumo ya zahanati, na ikiwezekana tupate ofisi. Daftari liko kwa katibu. Mwenye kasoro aliyoiona ailete kwa maandishi, nami nitaipeleka kwenye kamati.

Mwenyekiti