Breki nzima, hesabu mbovu

Ndugu Mhariri,

Gari likiligonga la mbele yake, utasikia watu wanasema breki zimefeli. Mara nyingi breki ni nzima. Kilichokosewa ni hesabu ya mwendo.

Chukua gari dogo lenye tairi nzuri kwenye lami kavu. Kwa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Tangu dereva aone hatari hadi mguu ukandamize breki hupita kama sekunde moja na nusu, yaani mita 33 gari halijapungua hata kidogo. Breki nazo zinataka mita 36 hivi. Jumla 69. Mwenzake wa kilomita 100, aliyeona hatari ileile mahali palepale, atapita pale wa kwanza aliposimama akiwa bado na mwendo wa 70 hivi! Umbali wa kusimama kwa breki hukua kwa mraba wa mwendo, ndiyo maana 20 za ziada si ndogo.

Lami ikilowa, zile mita 36 huvuka 60. Mvua ya kwanza ya vuli ni hatari zaidi, maana vumbi na mafuta hugeuka utelezi kabla hayajaoshwa.

Jicho nalo halisaidii. Gari likiwa mbali halionekani kukua. Huja kukua ghafla likishakaribia, wakati anayeovateki lori la machungwa kati ya Hale na Muheza ameshahama upande wake. Magari yanayoelekeana kwa 80 kila moja hukaribiana mita 44 kwa sekunde, hivyo kuovateki kwa sekunde 10 kunadai zaidi ya mita 440 za barabara tupu. Usiku, bodaboda yenye taa moja ni ngumu zaidi kuikadiria, kwani hakuna taa mbili za kuziona zikiachana kadiri inavyosogea. Na aliyetoka Segera akiwa kwenye 80 muda wote, akiingia Pongwe huona 50 kama kutambaa. Hapo aamini spidomita tu. Dereva wa basi ajihadhari zaidi, kwa kuwa kiti kikiwa juu barabara huonekana kupita polepole.

Dawa ya kukaa nyuma ya gari jingine ni kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo ya umeme, tamka bila haraka: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umelikaribia mno. Kwenye mvua zidisha mara mbili. Malori na mabasi ya breki za upepo yaongeze pia, kwa sababu upepo huchukua muda kufika kwenye magurudumu.

Nawaomba wakufunzi wa udereva hapa Tanga wapime mita 69 kwa futikamba, wamsimamishe mwanafunzi mwanzoni atazame mwisho wake. Kisha wapime za mwendo wa 50: ni 35 tu.

Mdau wa usalama barabarani,
Tanga